FURAHA IDUMUYO

Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na watu wa makanisa katika sikukuu ya Yubile



Jana jioni, vijana walipokuwa wakifunga makuti na maua katika mlango wa kanisa, na wapishi wakipanga mafiga yao, nalimkuta mama mmoja mzee akifagia uwanja peke yake. Nikamwambia, “Mama, pumzika, vijana wako.” Akainuka polepole, mkono kiunoni, akanijibu, “Padre mwanangu, kesho kutwa hao vijana watalala kwa uchovu wa ngoma, na mimi nitafagia tena. Kufagia si kitu. Neno ninalolifikiri ni hili: ngoma zikinyamaza, tutabaki na nini?”

Swali lile lilinifuata hata kitandani. Nalikuwa nimekwisha andika maneno mengine ya kuwaambia leo, habari za majengo yetu na hesabu za waliobatizwa, nayo ni habari njema. Lakini nimeyaacha mezani. Wengine watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kujaribu kumjibu mama yule, naye yumo humu ndani, ananisikia.

Mwanzo yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Iko furaha ya dimbwi, na iko furaha ya kisima. Masika ikinyesha, dimbwi hujaa siku moja. Watoto huoga, bata huogelea, na mpita njia aweza kudhani kwamba mahali hapa maji hayatakosekana kamwe. Lakini jua likiwaka mwezi mmoja, lile dimbwi huwa matope, na baada ya matope huwa udongo uliopasuka. Kisima si hivyo. Kisima hakivuti macho ya mtu; ni tundu tu katika nchi, tena kilichimbwa kwa jasho. Lakini kiangazi kikiwa kikali, wanawake huchukua mitungi yao, wakalipita dimbwi bila ya kuligeukia, wakaenda kisimani.

Furaha ya dimbwi ni ile iletwayo na mambo ya nje: mshahara umeongezwa, mavuno ni mema, mtoto amefaulu mtihani, jina langu limesifiwa mbele ya watu. Sisemi kwamba ni dhambi. Mungu ndiye aletaye mvua, na mtu asiyefurahi mvua inyeshapo hana shukrani. Lakini mvua haimo katika uwezo wetu, na mtu awekaye roho yake yote katika mambo yasiyo katika uwezo wake, huyo ni mtumwa wa mawingu.

Bwana wetu alizungumza na wanafunzi wake habari za furaha. Lakini angalieni saa aliyoichagua. Haikuwa siku ya arusi ya Kana, wala siku ile watu walipotandaza nguo zao njiani mbele ya punda wake. Ilikuwa usiku ule wa mwisho, katika chumba cha juu, Yuda amekwisha toka nje gizani, na msalaba haukuwa mbali kwa saa nyingi. Ndipo alipowaahidi furaha ambayo hapana mwanadamu awezaye kuwanyang'anya. Soma mwenyewe katika Injili ya Yohana, sura ya 15 na ya 16. Mtu asemaye hivi akiwa ameshiba na salama, twaweza kumdharau. Lakini asemapo huku akiyajua yatakayompata kabla ya jua la kesho kutua, yatupasa kunyamaza na kusikiliza.

Basi, furaha hii hupatikanaje? Mtume Paulo katika waraka wake kwa Wagalatia ahesabu mambo 9 ambayo ni tunda la Roho, na furaha ni la pili, lafuata upendo mara. Neno hili “tunda” ni la kufikiriwa. Mtu aweza kwenda sokoni akanunua maembe, akayafunga kwa kamba katika mti mkavu, na watazamao kwa mbali watasema, Tazama, mti umezaa! Lakini baada ya siku chache yataoza, wala hayatakuja mengine. Tunda la kweli latoka ndani, nalo latanguliwa na mizizi, na shina, na matawi, na majani, na miaka. Wako Wakristo wengi ambao huitafuta furaha kama maembe ya sokoni: leo mkutano huu, kesho nyimbo zile, kesho kutwa mhubiri yule mpya. Hufurahi siku 3, kisha huwa wakavu kama kwanza. Kwa nini? Kwa sababu wanataka tunda, na mti hawautaki. Na mti huo ndio tabia, yaani ule mwenendo wa ndani ambao Mungu huujenga katika mtu siku kwa siku, ikiwa mtu amekubali.

Wazee wetu wa pwani walisema, “Usione vyaelea, vimeundwa.” Ninyi mliokaa karibu na bahari mmeona jahazi likiundwa. Fundi huanza na mkuku, naye huutafuta mti ulionyoka, mgumu, usio na mchwa, kwa maana mkuku ukiwa mbovu yote yaliyo juu yake ni bure. Kisha husimamisha mataruma, moja moja, kama mbavu za ng'ombe. Kisha hupigilia mbao. Na mbao zikiisha pigiliwa, mtu asiyejua hudhani kazi imekwisha. Lakini fundi huketi chini ubavuni, siku nyingi, na nyundo yake na pamba iliyolowa mafuta, akiikalafati kila nafasi iliyo kati ya ubao na ubao. Kazi ile haina sifa. Hapana apitaye akasema, Kalafati nzuri! Watu hulisifu tanga. Lakini chombo hakizami kwa sababu ya tanga. Huzama kwa sababu ya nafasi ndogo ambayo fundi aliona uvivu kuiziba.

Ndivyo ilivyo tabia ya Mkristo. Mkuku ni imani katika Yesu Kristo, wala msingi mwingine hatuna. Mataruma ni sala, na Neno la Mungu, na Sakramenti, yanayoshika umbo la maisha yetu. Lakini mbao zina nafasi kati yake: kivuno kidogo cha maneno jikoni, hesabu ya fedha isiyo sawa kwa senti chache, ahadi iliyosahauliwa, wivu usiotajwa. Maji huingia hapo.

Sasa nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye chombo chake kilijaribiwa na bahari kubwa, kikaelea. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Ujana wake haukuwa wa kusifiwa. Alivuta bangi, akaenda vitani, akaishi kama askari wengine walivyoishi siku zile. Mwaka 1895 alibatizwa. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha toka kwao, akatumwa kufundisha katika nchi ya Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, karibu na msitu mkubwa wa Ituri katika Kongo. Waalimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka, kwa kuwa hawakupata chakula wala kusikilizwa. Apolo aliyajua hayo, akaenda.

Mtawala wa Mboga alikuwa Tabaro. Mwanzo aliyaruhusu mafundisho, lakini alipoona kwamba yanagusa pombe yake na wake zake wengi na waganga wake, moyo wake uligeuka. Akamfanya adui yake, akaamuru apigwe, na watu wakakatazwa wasimsaidie. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Ndugu wa kike wa Tabaro alikuwa akisaidia katika kazi ya kujenga. Akajikwaa akaangukia mkuki, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Akapelekwa hata Toro, akatiwa kifungoni. Huko kifungoni, mwaka 1898, mbali na kwao, ametuhumiwa damu ya mtu asiyemwua, na kazi yake yote kama imevunjika, aliota usiku kwamba amemwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, naye akamwambia ajipe moyo, kwa kuwa yu pamoja naye.

Ndugu zangu, msipite upesi. Tunalotaka kujua ni hili: mtu yule alipofunguliwa, alifanya nini? Njia ya kwao Buganda ilikuwa wazi, wala hapana ambaye angemlaumu. Lakini alirudi Mboga, kwa mtu yule yule. Akafundisha tena. Na mwisho Tabaro mwenyewe akaja kuomba kufundishwa, akabatizwa, naye akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na padre mwaka 1903. Alifanya kazi miaka mingi katika Toro, kisha akarudi Mboga, na tangu mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi ambao jirani zao waliwahesabu kuwa si watu kamili. Yeye aliwahesabu ndugu. Akajifunza lugha yao, akaifasiri Injili ya Marko. Hakuwa na mke wala mtoto, na alichopata alikigawa. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, lakini heshima ile haikumtoa msituni. Alikufa tarehe 30 Mei mwaka 1933. Ilikuwa desturi kumzika mtu kichwa chake kikielekea mashariki. Naye aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko Injili ilikuwa haijafika. Hata maiti yake ilitaka kuendelea na safari! Na kanisa alilolipanda halikufa pamoja naye. Mwaka 1972 ikawekwa dayosisi katika Mboga, na mwaka 1992 nchi ile ikawa na jimbo lake lenyewe la Kanisa.

Furaha ya mtu yule ilikuwa wapi? Haikuwa katika mafanikio, kwa maana alikuwa nayo kifungoni kabla ya mafanikio. Haikuwa katika kupendwa na watu, kwa maana alikuwa amepigwa. Ilikuwa katika neno moja tu: kwamba Bwana yu pamoja naye. Hicho ndicho kisima. Nanyi mkumbuke kwamba si yeye wa kwanza kukichota kifungoni. Paulo na Sila, migongo yao imechanika kwa mapigo, miguu yao imefungwa katika mkatale huko Filipi, waliimba usiku wa manane. Na waraka ule ambao Paulo aliwaandikia Wafilipi baadaye, uliojaa neno furaha mwanzo hata mwisho, aliuandika naye amefungwa tena.

Lakini mtu aweza kusema, “Padre, hao ni watakatifu. Sisi ni watu wa kawaida.” Basi na niwaambie habari za mtu wa kawaida, ambaye namjua sana, maana ni mimi.

Nalipokuwa mwalimu kijana, nalipewa kituo kidogo chenye shule ya miti na udongo. Katika kituo kilicho jirani alikuwako mwalimu mwenzangu, ambaye tulisoma pamoja chuoni, tukaketi ubao mmoja. Shule yake ilikua kuliko yangu. Watu wake waliimba kuliko wangu. Kila padre wetu alipozunguka vituo, alilala kwangu usiku mmoja na kwake usiku mbili, na aliporudi alimsifu. Nami nalicheka nikasema, “Ashukuriwe Mungu,” lakini moyoni palikuwa na kaa la moto. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja nalisikia neno juu yake, habari ya fedha ya vitabu iliyochelewa kupelekwa. Fedha ile haikuibwa. Ilichelewa tu, kwa kuwa alimkopesha mjane aliyefiwa, naye mjane akailipa. Nalijua hayo yote. Lakini naliandika barua isiyo na jina, nikaigeuza mwandiko, nikaandika ile habari ya kuchelewa tu, ile habari ya mjane nikaiacha. Hapana neno moja la uongo katika barua ile. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni uongo uliovaa kanzu. Baada ya miezi mwenzangu akahamishwa, akapelekwa kituo cha mbali milimani, chenye watu wachache. Na ile shule kubwa nikapewa mimi.

Basi nilikuwa nimepata kila nilichokitaka. Nalikaa katika nyumba yake, nikalima shamba alilolipanda, nikafundisha watoto aliowafundisha kuimba. Na kwa muda wa miaka miwili sikufurahi hata siku moja. Nalisali kwa mdomo. Nalifundisha habari za upendo, na watoto waliandika katika daftari zao. Nje nilikuwa mwalimu mwema. Hata wakaguzi waliniandika vizuri. Nyumba njema si mlango. Lakini mimi nalikuwa mlango tu. Nikaona sababu nyingi za huzuni yangu: labda ni homa, labda ni mshahara mdogo, labda ni kazi nyingi. Ile sababu ya kweli sikuitaja, ingawa naliijua kama mtu ajuavyo mwiba uliomo katika mguu wake mwenyewe.

Hata Kwaresima moja, nikisoma darasani habari za mwana mpotevu, nilifika kwa yule ndugu mkubwa asimamaye nje, asiyetaka kuingia karamuni. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, huyu hakutoka nyumbani kamwe, mbona hafurahi?” Sikuweza kujibu. Nalifunga kitabu nikawapa watoto ruhusa kabla ya saa.

Ijumaa ile nalishika njia, nikaenda kwa miguu siku mbili hata milimani. Nalimkuta mwenzangu akikandika ukuta wa shule yake, mikono yake imejaa udongo. Akanikaribisha kwa furaha, mkewe akatuletea maji na viazi. Sikuweza kula. Nikamwambia yote. Aliponisikiliza hata mwisho akanawa mikono yake polepole, akasema, “Ndugu yangu, barua ile nalionyeshwa. Uliugeuza mwandiko, lakini tuliketi ubao mmoja miaka mitatu. Naijua namna yako ya kuandika herufi.” Nikamwuliza, “Mbona hukunitaja?” Akajibu, “Nalitaka kukutaja. Siku ya kwanza nalitaka sana. Nikamwomba Mungu aniondolee jambo hilo, wala hakuliondoa kwa siku moja. Nikaanza kukuombea kila Ijumaa, kwa kuwa siku nyingine nalikuwa sina nguvu ya kukuombea. Na leo ni Jumapili ya Kwaresima, nawe umekuja. Kula viazi, vinapoa.”

Tukala. Kisha nikarudi, nikaenda kwa padre nikamwungamia, nikamwomba awaambie wakubwa. Shule ile kubwa nikaondolewa, kwa haki kabisa, nikapewa kituo kidogo kuliko kile cha kwanza. Nalikwenda huko na sanduku langu kichwani, katika mvua, nami naliimba njiani. Wakulima waliinua majembe yao wakanitazama. Hawakujua kwamba walimwona mtu aliyefunguliwa.

Hapo ndipo nalipojifunza ninalowaambia leo: furaha si mshahara wa kufaulu. Wale wanafunzi waliotumwa na Bwana walirudi wakifurahi kwamba hata pepo wamewatii, naye akawageuza mioyo: wasifurahie hayo, bali wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Mwalimu afurahiaye hesabu ya wanafunzi wake atahuzunika mwenzake akizidishiwa. Mwalimu afurahiaye kwamba Mungu amjua kwa jina, huyo aweza kumfurahia mwenzake pia. Hiyo ndiyo alama ya kujipima: je, mwenzangu akisifiwa, moyo wangu wafanya nini?

Sasa kwa ufupi nataka kutaja mazoea manne, maana tabia haijengwi kwa hotuba. Haba na haba hujaza kibaba.

La kwanza ni sala ya asubuhi kabla ya maneno ya watu. Si lazima iwe ndefu. Lakini iwe ya kwanza, kama mkuku ulivyo wa kwanza.

La pili ni kujihoji usiku. Kabla ya kulala, iite siku yako kama mwalimu aitavyo majina: saa hii nalifanya nini, na yule nalimjibu namna gani? Ukiona nafasi, izibe kesho yake maji yangali machache. Kama ni neno la kuomba radhi, omba kabla jua halijatua mara ya pili. Barua yangu ile ningaliiungama siku ya kwanza, nisingalitembea siku mbili.

La tatu ni shukrani yenye majina. Usiseme tu, “Nashukuru kwa yote.” Taja: mvua ya leo, uji wa mke wangu, mtoto fulani ambaye leo amesoma mstari wa kwanza. Mtu ashukuruye kwa majina hana nafasi ya kuhesabu vya jirani.

La nne ni kumtumikia mtu asiyeweza kukulipa: kipofu, mwenye ukoma, mjane, mtoto mzito wa kufahamu aketiye ubao wa nyuma. Huyo wa nyuma hasa nawawekeeni, waalimu. Mtoto humsoma mwalimu wake kabla ya kukisoma kitabu. Akiona furaha usoni pako umtazamapo yeye asiyejua kitu, ataamini kwamba Mungu pia aweza kumtazama hivyo.

Wala mtu asidhani kwamba furaha hii ni kucheka daima. Wamo humu waliofiwa mwaka huu. Wamo wenye wagonjwa nyumbani, ambao leo wamekuja kwa saa moja tu. Kwenu nasema: msiogope machozi yenu, wala msimsikilize mtu awaambiaye kwamba machozi ni upungufu wa imani. Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, naye alijua kwamba baada ya dakika chache atamfufua. Kisima kikiwa kirefu, juu yake kunaweza kuwa na giza. Lakini maji yamo. Ikiwa leo huwezi kuyafikia, sisi wenzako tutakuchotea. Kanisa ni kwa kazi hiyo.

Namaliza na neno la Yubile lenyewe. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaagiza Israeli kwamba mwaka wa 50 wapige baragumu katika nchi yote: mtumwa arudi kwao, na aliyepotewa na shamba lake alirudishiwe. Lakini je, mmeangalia ni siku gani baragumu ile ilipopigwa? Haikupigwa siku ya mavuno, wala siku ya mwaka mpya. Ilipigwa siku ya upatanisho, siku ile watu wote walipofunga na kuziungama dhambi zao. Toba kwanza, ndipo baragumu. Hapana Yubile nyingine katika Maandiko.

Nasi katika pwani hii tumeiona kwa macho. Mwezi wa Juni mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo mahali pale pale palipouzwa watu. Na John Swedi, mmoja wa vijana 5 waliookolewa katika chombo cha watumwa wakapewa Askofu Tozer mwaka 1864, akawa shemasi mwaka 1879. Mahali pa kilio pakawa mahali pa sifa. Lakini minyororo ya chuma ikiisha kuvunjwa, iko mingine ambayo Sultani hakuweza kuivunja kwa mapatano: wivu, uchungu, barua isiyo na jina.

Kwa hiyo, kabla ya kula nyama ya karamu leo, kila mmoja wetu na ajiulize: yuko nani ambaye sijapatana naye? Labda yumo humu humu, ubao wa pili. Labda yuko mwendo wa siku mbili. Inuka uende. Naye ambaye amekosewa, na aanze kuomba, hata kama ni Ijumaa tu.

Mama, uliniuliza ngoma zikinyamaza tutabaki na nini. Jibu langu ni hili. Tutabaki naye aliyekuwapo kabla ya ngoma. Na kesho kutwa nitakuja kufagia pamoja nawe.

Mungu wa matumaini awajalie furaha na amani katika kumwamini, sasa na siku zote. Amina.